Ludo ya Masikio

Mimi ni mtu wa hasira, na sioni haja ya kuficha. Nilikuwa hivyo hata nilipokuwa naona. Nilipopofuka, watu wa Kasese walingoja niwe mpole, kana kwamba macho yakiondoka yanaondoka na ulimi, na nilipoendelea kuwajibu kama zamani wakasema ugonjwa umenipanda kichwani. Haukunipanda popote. Ilikuwa presha ya macho, daktari akasema nimechelewa, mishipa imekufa. Mume wangu alivumilia muda kidogo, kisha akaenda Kampala kutafuta kazi, na mpaka leo anaitafuta.

Nikarudi kwa mama, kwenye nyumba ya karibu na reli ambayo treni yake watu walishaisahau. Marehemu baba alikuwa askari, ndiyo maana kwetu tuliongea Kiswahili cha kambini kuliko Lhukonzo, lugha ya kwetu, na ndiyo maana nafoka kama afande. Mama alikuwa na shamba la mahindi Karusandara. Akienda shambani alifunga mlango kwa nje na kuondoka na ufunguo. Hakufanya kwa ubaya. Aliogopa bodaboda zisinigonge, aliogopa mto ukifurika, aliogopa wanaume. Mimi nilibaki kitandani nikisikiliza mabati yakilia kwa joto, na siku ikipita hivyo huwezi kuitofautisha na jana yake.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mchuuzi wa samaki. Alinunua ziwani, Kasenyi na Hamukungu, akawapeleka Bwera, mpakani, kuwauzia Wakongo. Alikuwa mtu mwema. Naliandika hilo mapema kwa sababu huko mbele nitamsema vibaya.

Simu nilipewa na mwalimu mmoja wa wasioona aliyekuja kanisani kwetu. Ilikuwa ya mitumba, kioo kina ufa toka kona hadi kona, lakini iliongea. Ukigusa kitu inakitaja kwa Kiingereza cha puani. Ufa haukunihusu, kioo cha nini kwangu? Mwalimu huyohuyo ndiye aliyenipakulia mchezo wa ludo, akanionyesha namna ya kuingia, akaenda zake.

Ludo kila mtu Kasese anaijua. Wanaume wanaicheza kwenye baraza za maduka kutwa nzima, wakipigisha kete ubaoni kama watu wanaoua nyoka. Mwanamke haketi pale, na kipofu ndio kabisa. Hii ya simu haikuwa na ubao. Ukiifungua, kioo kinakuwa cheusi tii, hakuna picha hata moja, nawe unavaa waya za masikioni na umefika mezani. Dadu inatikiswa kwenye kopo. Mchezaji wa kushoto unamsikia kushoto, wa kulia kulia, wa mbele unamsikia katikati ya paji la uso. Kete za kila mtu zina mlio wake, na za adui zikikukaribia unasikia mlio ukikujia polepole mpaka nywele zinasimama. Ukiliwa, kete yako inaangushwa kwenye debe. Nilichukia mlio ule wa debe kuliko kitu chochote, na ndiyo sababu nilijifunza upesi kutoliwa.

Tena mezani watu waliongea. Tulikuwa wanne, kila mmoja kwao, sauti zetu zikikutana pale. Kulikuwa na mzee wa pwani ya Kenya aliyeshinda kwa maneno kwa sababu kwa dadu hakuweza, na mama wa Kigoma aliyecheka kabla hajarusha. Wote hatuoni. Niliwatukana, wakanitukana, tukatukanana vizuri kabisa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia pole. Hujui utamu wa kutoambiwa pole mpaka uwe umeambiwa kila siku kwa miaka.

Wa nne alikuwa msichana aliyekaa Bwera, mzaliwa wa upande wa Butembo, Kongo. Majina ya kweli hatukupeana. Wanawake wa meza ile walikuwa na desturi hiyo, na ilikuwa desturi ya akili. Yeye aliniita yaya. Siku ya kwanza nilimkatia maneno, nikamwambia hapa kwetu yaya ni yule anayelipwa kuosha watoto wa watu.

"Kwetu yaya iko dada mukubwa," akasema. "Ukitaka nikuite mama, nitakuita."

Nikamwambia yaya inatosha.

Surua ilimchukua macho akiwa mdogo. Alifuatana na dada yake, aliyeolewa na mfanyabiashara mmoja wa hukohuko kwao aliyehamia Bwera, na aliishi kwenye nyumba ya shemeji huyo. Simu aliyotumia ilikuwa ya zamani ya shemeji, imeondolewa laini. Ilipata intaneti pale tu shemeji alipokuja mchana kula, kutoka kwenye simu yake nyingine. Shemeji alidhani msichana anacheza na mashine. Hakujua kwamba nyuma ya kioo kile cheusi kuna watu. Msichana aliongea kwa kunong'ona, na mtu akimwona midomo inatembea alifikiri anasali rozari.

Kwa hiyo saa ya chakula cha mchana ilikuwa saa yetu. Nilimjua kwa sauti yake na kwa sauti zilizokuwa nyuma yake: mashine ya kusaga mahindi, mtu anayechomelea vyuma, malori yanayopunguza gia. Alinisimulia namna anavyopepeta mchele wa nyumba nzima kwa vidole, namna watoto wa dada yake wanavyomfichia viatu. Mimi nilimsimulia mume wangu. Akauliza, "Sasa ile kazi, anaitafuta na tochi?" Nilicheka mpaka nikaliwa kete mbili.

Mchezo ule uliundwa na mtu mmoja tu, kipofu mwenyewe, wa nchi ya mbali. Tulimjua kwa sauti, maana kukiwa na habari mpya aliisoma mwenyewe, kwa Kiingereza cha taratibu, kabla hujafika mezani. Siku moja tulifungua tukasikia mtu aliyechoka. Duka la programu, lile ambalo simu zetu zote zilipakua kutoka kwake, lilikuwa limetoa masharti. Mchezo ambao watu wasiojuana wanaongea ni lazima uwe na wasimamizi na kitufe cha kumshtaki mtu. Tena ni lazima uundwe upya ufae simu mpya. Alijaribu. Aliweka kitufe, akaunda upya alichoweza. Mkaguzi wa duka akafungua, akaona kioo cheusi, akaandika kwamba programu ni mbovu, haionyeshi kitu.

Yule bwana akamwandikia kumweleza kwamba ni mchezo wa kusikiliza. Akajibiwa na mkaguzi mwingine kwa maneno yaleyale: programu haionyeshi kitu. Halafu wakadai picha za mchezo, ziwekwe dukani watu wazione. Picha za nini? Akawapelekea picha za kioo cheusi, kwa sababu ndiyo picha iliyokuwepo. Wakamwambia awe makini.

Damu ilinichemka. Lile sharti la wasimamizi silikatai, nisiseme uongo. Wanaume wachafu wapo, na mmoja nilimfukuza mezani mwenyewe kwa matusi ya kambini. Lakini mtu anayekagua mchezo wa vipofu kwa macho, bila hata kuvaa waya masikioni, huyo anakagua nini? Nilimuuliza mama. Mama akasema nile chakula kinapoa.

Mwisho wa habari yake, yule bwana alisema mchezo umeondolewa dukani. Aliye nao kwenye simu abaki nao, na yeye ataendelea kuiwasha ile mitambo ya mezani kadiri atakavyoweza. Ila ukifutika kwenye simu yako, hana njia ya kukurudishia. Msibadilishe simu, alisema. Msimruhusu mtu yeyote aisafishe.

Tukaanza kupungua. Simu ya mzee wa pwani iliingia maji, akanunuliwa nyingine na wanawe, na hatukumsikia tena. Mama wa Kigoma aliondoka bila sababu tuliyoijua, labda simu, labda kifo, ungejuaje? Kiti kikikosa mtu, mchezo ulikiwekea mashine. Mashine haiongei. Inatikisa dadu, inakula kete zako, inanyamaza. Mwishowe tulibaki wawili, mimi na yule msichana wa Bwera, na mashine mbili. Nililala na simu chini ya mto. Nilimwapia mama kwamba atakayeigusa nitamvunja mkono, na nilimaanisha.

Wakati huohuo ndipo aliponiambia.

"Yaya, shemeji anasema nirudie."

"Urudi wapi?"

"Kwa shangazi. Kule mu village, njia ya Beni. Nduku yake anakuya, anataka chumba. Anasema vita imeisha."

Nilijua anataka kusema ndugu yake shemeji. Na nilijua, kama kila mtu wa Kasese anavyojua, kwamba vita haikuwa imeisha. Wakongo waliovuka na mabunda yao walisimulia kanisani habari za mapanga mpaka mama anaziba masikio.

"Batu bakikimbia," akasema, "mie nitafuata mguu ya nani?"

Ilikuwa zamu yangu kurusha dadu. Mchezo ukawa unanikumbusha kwa kengele yake, nami sikuweza hata kuinua kidole. Niliogopa. Mimi nilishakimbia moto wa jiko la jirani bila macho, mara moja tu, na niliishia kuukimbilia moto wenyewe.

"Kuja kwetu," nikamwambia. "Kitanda changu iko kubwa."

"Mama yako atakubali?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Kwetu mgeni wa kukaa haingii bila neno la mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa mama. Ningemleta bila neno hilo, angekaribishwa siku ya kwanza kwa chakula na siku zote zilizobaki kwa manung'uniko, na mtu anayelishwa manung'uniko hakai. Nikamwambia angoje. Nikipata neno la mama nitamwambia palepale mezani, nitamtajia siku ya soko la Bwera, naye atanielekeza nyumba, na siku hiyo kaka atamchukua akirudi na gari tupu. Alisema dada yake hatamzuia, dada anaogopa mume tu, na mume atafurahi kumpunguza mtu bila gharama ya safari. Namba yangu ya simu nilimpa, akaishika kichwani papo hapo. Lakini angepigia nini? Simu yake haikuwa na laini, na kuomba ya jirani ni kumpelekea shemeji habari kwa miguu, ajue kuna watu ndani ya ule mchezo na kuuchukua.

"Nitafunga nguo mu kitambala mapema," akasema. "Lakini usikawie, yaya."

Mama alikataa. "Vipofu wawili nyumba moja, nani atamtekea mwenzake maji?" Nilimjibu kwa hasira, tukalala tumenuniana. Kesho yake nikajaribu tena, na kesho yake. Mezani nilimwambia msichana avumilie, mama analainika. Hakuwa analainika. Mwishowe nilifanya kitu ambacho sikukizoea, nilipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni nikamwomba. Nilimwambia mama, ukifa mimi nitabaki na nani wa kuongea naye, kufuli? Akaenda kulala. Lakini asubuhi iliyofuata, alipokuwa anachambua maharagwe, nilisikia maharagwe yamesimama kwenye sinia.

"Basi aje huyo mtoto," akasema. "Chakula tutagawana."

Nilimkumbatia mpaka sinia likamwagika. Saa ya mezani ilikuwa bado. Nikaenda kuoga, nikaoga kama bibi harusi, nikiimba, nikipanga maneno: siku ya soko inayokuja, ngoja mlangoni, kaka yangu ananuka samaki, utamjua. Nilipotoka nikapeleka mkono kwenye meza ya kitanda. Simu haikuwepo. Nikapapasa mto, shuka, chini ya kitanda. Mama alikuwa anacheka peke yake sebuleni, cheko la mtu aliyeficha zawadi.

"Kaka yako amepita," akasema. "Usiniulize. Utaona jioni."

Nilikaa chini. Saa yetu ikaja, ikapita.

Kaka alirudi jioni, harufu imemtangulia, akaniwekea kitu mkononi. Kilikuwa chembamba, laini, hakina ufa.

"Shika, dada. Hii iko mupya kabisa. Ile yako ilikuwa aibu. Watu ya Kasenyi wanaona unashika kigae, wanasema mimi nakula samaki peke yangu."

"Ile yangu iko wapi?"

"Nimeachia fundi, nikaongeza kidogo. Si ndivyo wanafanya?"

Ndivyo wanavyofanya. Hakuna mtu wa kwetu anayebaki na simu mbili kama si tajiri. Unapeleka ya zamani, unaongeza kidogo juu yake, unatoka na nyingine, na fundi mwenye heshima anaisafisha ya zamani mbele yako, picha zako na siri zako zisije zikazurura sokoni. Kaka alisimama pale akahakikisha imesafishwa. Aliniambia hivyo kwa fahari, kwamba alisimamia mwenyewe, hakuna kilichobaki.

Nilimwambia mambo ambayo dada hamwambii kaka. Nilimwambia heri angenipofua yeye. Mama alianza kulia. Nilisikia kaka anavua viatu, na baadaye sana akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani ndani mulikuwa na nini?"

Asubuhi tulikuwa kwa fundi kabla hajafungua. Simu yangu ilikuwa imeshauzwa, Mkongo mmoja aliondoka nayo jana ileile. "Na hata ingekuwepo, mama, nilishafuta," akasema fundi. Nikamwomba anitafutie ule mchezo kwenye simu mpya. Akatafuta. Duka linasema haupo. Nikamwambia auweke kwa mlango wa nyuma, mafundi hawakosi mlango wa nyuma.

"Simu zingine ningekuwekea toka simu hadi simu, sasa hivi," akasema. "Hii haikubali kitu ambacho hakikutoka kwa duka lake."

Ludo dukani zilijaa. Fundi alinisomea majina, akasema ziko za rangi nzuri sana, za kung'aa. Akanipakulia moja, nikaifungua, nikagusa kioo. Simu ikasema: kitufe. Nikagusa pengine: kitufe. Kitufe. Kitufe. Hakuna kilichosema dadu iko wapi wala kete ni ya nani. Tukajaribu nyingine, vilevile. Hizo zote zilikaguliwa zikapita. Zilikuwa zinaonyesha kitu.

Ningemwandikia yule bwana aliyeuunda, amsomee msichana ujumbe wangu mlangoni mwa mchezo. Lakini anwani yake ilikuwa ndani ya mchezo, na mwalimu aliyenipa simu nilikuwa nimepoteza habari zake zamani.

Kwa hiyo ilibaki kwenda Bwera wenyewe. Siku ya soko ilipofika kaka alikuwa Hamukungu, samaki wamechelewa kutoka ziwani na barafu imeisha. Akapiga simu akasema wataoza, tutakwenda soko linalofuata. Nilimbembeleza, nikamtukana, nikambembeleza tena. Nikamwambia mama nitapanda bodaboda peke yangu. Mama akafunga mlango kwa nje. Nikapiga mlango ule mpaka mikono ikavimba, na najua majirani walisema tena kwamba ugonjwa umenipanda kichwani.

Soko lililofuata tulikwenda, mimi mbele na kaka, samaki nyuma. Njiani hakuwasha redio. Tulipofika Bwera upepo wa mlimani ulinigonga usoni, na kelele zilikuwa nyingi mno, watu wanapigania bei kwa lugha tatu. Kaka aliwaachia samaki wake mtu mwingine, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akanishika kiwiko.

"Tunatafuta nani?"

"Tafuta mashine ya kusaga."

"Bwera mashine iko mingi, dada."

"Twende kwa zote."

Kwenye ya kwanza malori hayakusikika. Ya pili ilikuwa na malori, lakini hakuna chuma kinachochomelewa. Tulipanda, tukashuka, watu wakaniangalia nikigeuza kichwa huku na huku kama kuku. Kaka aliniambia wananiangalia, nikamwambia wacha washibe macho. Karibu na saa ya chakula tulipita njia moja nyembamba na nikasimama. Mashine. Chuma kikilia kwenye moto. Lori likipunguza gia, tena jingine. Vyote vitatu kwa pamoja, vile nilivyokuwa nikivisikia nyuma ya sauti yake kila mchana. Nilimwambia kaka, hapa, piga hodi.

Alikuwepo mwanamke akifua nguo uani. Kaka akamsalimia, akamuuliza kama kuna msichana Mkongo asiyeona kwenye nyumba hii. Kufua kukakoma.

"Nyie munamutafutia nini?"

"Mimi ndiye yaya," nikasema.

Ndoo iliwekwa chini. Alipoongea tena nilisikia sauti ya ndugu ndani yake, ileile sauti ila nzito zaidi, na kwa dakika ile nilidhani ni yeye.

"Alikuwa anaikala hapa ku mulango," akasema dada yake, "na ile telefone mu mukono. Kila saa ya kula. Minamuuliza, unangojea nini? Anasema, yaya atasema siku. Nguo yote alishafunga mu kitambala, hata ya kubadilisha hakubakisha inje. Akitaka kubadilisha, anafungua, anafunga tena."

"Alikwenda lini?"

"Soko yenye ilipita. Bwana yangu alimupandisha mu camion, ile lori ya batu ya Beni."

Soko la samaki wa Hamukungu. Kaka aliachia kiwiko changu. Nikabaki nimesimama bila kushikwa, kwenye uwanja nisioujua, na sikuthubutu kuuliza lililofuata. Kaka akaliuliza.

"Kuna habari yake?"

"Hapana. Jana batu balivuka, banasema ile village bote balikimbia usiku." Maji yalimwagwa. "Bote, banasema. Mie sijui."

Mashine ya kusaga ilisimama, kisha ikawashwa tena. Dada mtu alinisogelea. Hakuwa na ukali. Ningependa angekuwa nao. Alitaka tu kujua.

"Juu ya nini ulikataa?"

"Sikukataa," nikasema. "Mama alikubali. Alikubali siku ileile."

"Yeye alisema ulikataa. Siku ya mwisho alisema, yaya ameona mie niko muzigo, ameacha meza. Njo maana akapanda camion bila kulia."

Nikaanza kumweleza. Nilimweleza duka, masharti, mkaguzi aliyeona kioo cheusi akasema hakuna kitu, mchezo ulioondolewa, kaka na zawadi yake, fundi aliyefuta. Niliongea haraka, Kiswahili cha kambini kikiniponyoka, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia kwamba ni maneno ya mtu anayetafuta kisingizio. Kaka alikuwa analia kwa pua karibu yangu. Mwanamke yule alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja.

"Hiyo yote," akasema, "ukimupata, utamuambia yeye."

Akarudi kwenye nguo zake.

Sikumpata.